Karakana ya kuchapa fulana Kariakoo: tathmini ya mteja aliyeanza na fulana 24

Karakana ninayoitathmini iko ghorofa ya pili ya jengo moja la Kariakoo, Dar es Salaam, si mbali na Mtaa wa Msimbazi, na kwa miezi saba sasa ndiyo inayonichapia fulana ninazoziuza. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyaeleza hayatampendeza mwenyewe, na pia kwa kuwa mitaa ile imejaa karakana zenye utaratibu unaofanana, kiasi kwamba msomaji akiingia katika yoyote kati ya hizo atakutana na mengi ya haya. Watu wengi wanaozisifu au kuzilaumu huduma hizi hutazama zaidi rangi na upole wa mafundi. Mimi nitaipima karakana hii hasa kwa jambo ambalo lingeweza kunimalizia mtaji: jinsi inavyomhudumia mtu anayeanza, ambaye bado hajui achape fulana ngapi.

Swali hilo ndilo la kwanza kuulizwa. Nilifika na michoro miwili kwenye simu. Wa kwanza ulikuwa maneno ya kondakta wa daladala, "Sogeeni nyuma, kuna nafasi", kwa rangi moja nyeupe juu ya fulana nyeusi. Wa pili ulikuwa ngalawa yenye tanga lililopigwa na jua la jioni, kwa rangi nne. Fundi mkuu aliitazama, akaniuliza, "Dada, tunapiga ngapi?" Nikamjibu kwamba nilifikiria 20, au labda 100. Hakucheka, ingawa alikuwa na kila sababu ya kucheka. Alinionyesha karatasi ya bei iliyobandikwa ukutani kwa selotepu, akanishauri nichukue 100, kwa sababu hapo ndipo bei inapokaa vizuri.

Karatasi ile inastahili kuelezwa kwa kirefu, maana ndiyo inayowashawishi watu kuchapa wasichoweza kuuza. Uchapaji wa skrini una gharama za aina mbili. Ya kwanza ni ya kuandaa fremu: kitambaa cha wavu huvutwa kwenye fremu na kupakwa dawa inayoganda ikipigwa na mwanga; mchoro uliochapwa kwa wino mweusi kwenye karatasi angavu huwekwa juu yake; fremu humulikwa, kisha huoshwa, na pale palipofunikwa na mchoro dawa huondoka na kuacha njia ya wino. Kila rangi inahitaji fremu yake, na kazi hiyo ni ileile uchape fulana moja au elfu moja. Gharama ya pili ni ya mkono unaovuta wino juu ya fremu, nayo huongezeka kwa kila fulana. Mimi nilitajiwa shilingi 25,000 kwa kila fremu. Kisha, kwa kila rangi katika kila fulana, shilingi 1,500 iwapo oda haifiki 50, shilingi 1,000 kuanzia 50, na shilingi 700 kuanzia 100. Fulana tupu ya pamba, yenye uzito wa gramu 180 kwa mita moja ya mraba, nilipewa kwa shilingi 7,000 kwa bei ya dazeni katika duka lililo chini ya jengo hilohilo.

Nilishuka, nikaketi kwa mama ntilie wa jirani na kuanza kupiga hesabu. Kwa mchoro wa rangi moja, fulana 24 zingenigharimu shilingi 229,000, yaani karibu 9,540 kwa moja. Fulana 50 zingekuwa shilingi 425,000, yaani 8,500 kwa moja. Na fulana 100 zingekuwa shilingi 795,000, yaani 7,950 kwa moja. Bei niliyokusudia kuuzia ilikuwa shilingi 20,000. Anayetazama gharama ya fulana moja tu atakubaliana na fundi, kwa kuwa kutoka 24 hadi 100 kila fulana inashuka kwa takriban shilingi 1,600. Nilipojiuliza, hata hivyo, ni fulana ngapi zitapaswa kuuzwa kabla fedha yangu haijarudi mfukoni, hesabu ilinionyesha sura nyingine: nikichapa 24 nilihitaji kuuza 12, na nikichapa 100 nilihitaji kuuza 40. Wanunuzi 12 niliweza kuwataja kwa majina. Wa 40 sikuweza, hata nilipowahesabu ndugu wa mkoani ambao hununua kwa huruma. Tena zile shilingi 566,000 za ziada ndizo zilizokuwa fedha zangu zote za mchoro wa pili, za mifuko na za usafiri, na mtu yeyote wa Kariakoo anajua kwamba mtaji uliolala kwenye mzigo haulipi kodi ya fremu, kwa maana ya fremu ya duka safari hii.

Hoja ya upande wa pili ipo, na haipaswi kupuuzwa. Wachumi wana mfano wanaouita tatizo la muuza magazeti, ambao unahusiana na kazi ya Kenneth Arrow, Theodore Harris na Jacob Marschak, waliochapisha mwaka 1951 makala kuhusu kiasi bora cha bidhaa cha kuweka akiba. Muuza magazeti wa pale Posta ananunua nakala zake alfajiri bila kujua wangapi watapita. Akichukua chache anaikosa faida ya wanaorudi mikono mitupu, na akichukua nyingi, jioni zinageuka kuwa za kufungia karanga. Anachopaswa kufanya ni kuweka kwenye mizani hasara ya nakala iliyobaki na faida ya nakala iliyokosekana. Nilipoipima fulana yangu kwa mizani hiyo, kwa bei ya 100, ile isiyouzwa ingenipotezea si zaidi ya shilingi 7,950, ilhali kila mteja niliyemkosa angeondoka na faida ya shilingi 12,050. Kwa hesabu hiyo kukosa mzigo kunauma kuliko kubaki nao, na ushauri wa fundi ungeonekana kuwa na mantiki.

Tofauti ni kwamba muuza magazeti hawezi kurudi kiwandani saa nne asubuhi kuomba nakala 12 zaidi, na mimi ninaweza kupanda ngazi za jengo lile siku yoyote isipokuwa Jumapili. Mteja wa fulana akikuta saizi yake imekwisha Jumatatu, na akaahidiwa kuipata Jumamosi, mara nyingi husubiri. Basi hasara ya kupungukiwa inategemea siku ambazo karakana itachukua kuchapa tena, na siku hizo ndizo nilizopaswa kuziulizia kabla ya kuulizia punguzo. Karakana iliahidi siku 3; kwa kuwa nimeishi na mafundi wa cherehani maisha yangu yote, niliandika 7. Nilikisia mauzo ya fulana mbili kwa siku katika wiki ya kwanza, nikapata 14, kisha nikaongeza 10 kwa sababu mauzo hugawanyika katika saizi nne na hayagawanyiki kwa usawa. Hivyo ndivyo 24 ilivyopatikana.

Nilimwuliza fundi mambo mawili ambayo hayakuwamo kwenye karatasi yake: idadi ya chini kabisa anayokubali kwa kurudia mchoro uleule, na kama fremu yangu itatunzwa. Kuhusu la kwanza alisema 12. Kuhusu la pili alisita. Fremu kwa kawaida husuguliwa kwa dawa baada ya kazi ili wavu utumike kwa mteja mwingine, na mteja anayerudi baada ya wiki mbili hutozwa fremu upya kana kwamba hajawahi kufika. Tulikubaliana kwamba angeitunza mwezi mmoja bila malipo, na baada ya hapo kwa shilingi 5,000 kwa mwezi. Sehemu kubwa ya sifa ninazoipa karakana hii inatokana na makubaliano hayo, na hesabu yake ni hii: fulana 12 za kurudia, bila fremu mpya, zilinigharimu shilingi 102,000, sawa na shilingi 8,500 kwa moja, ambayo ni bei ileile niliyotakiwa kununua fulana 50 ili niipate siku ya kwanza. Kwa nini jambo lenye manufaa kiasi hicho halimo kwenye karatasi ya ukutani, sielewi; au pengine ninaelewa vizuri.

Ahadi ya siku 3 haikutimizwa hata mara moja. Oda ya kwanza ilichukua siku 5, ya pili siku 4, na ya tatu, niliyoipeleka wiki ya mwisho ya Aprili, ilichukua siku 11. Hilo la mwisho nililitafuta mwenyewe. Kila mwaka kabla ya Mei Mosi karakana hizi hujaa fulana za vyama vya wafanyakazi na za taasisi zinazokwenda kwenye maandamano, na hali kama hiyo hurudi kuelekea Sabasaba na nyakati za kampeni za uchaguzi, wakati mteja wa fulana 12 anaposogezwa nyuma ya mteja wa fulana 2,000 bila hata kuambiwa. Majira hayo yanabadilisha hesabu yote. Nikijua kwamba siku za kusubiri zitakuwa 11, idadi ya kuanzia nayo haina budi kupanda, au mchoro mpya uahirishwe hadi msongamano upite. Lawama yangu kwa karakana ni kwamba iliahidi siku 3 kwa sauti ileile iliyoahidi mwezi wa Januari, wakati maboksi ya wateja wakubwa yalikuwa yamefika hadi kwenye ngazi.

Mchoro wa ngalawa ulikuwa na hesabu yake. Kwa skrini ungehitaji fremu nne, yaani shilingi 100,000, na kwa fulana 24 kila moja ingenifikia zaidi ya shilingi 17,000 kabla ya usafiri, jambo ambalo lingeniachia faida ya kununulia maji. Hapa fundi alinishauri vyema na bila kusukumwa: alinipeleka chumba cha pili, kwenye mashine ya DTF (direct to film, yaani kuchapa kwanza kwenye plastiki). Kwa njia hiyo picha huchapwa kwenye karatasi ya plastiki kwa wino wa rangi ukifuatiwa na wino mweupe, hunyunyiziwa unga wa gundi, unga huyeyushwa kwa joto, kisha picha hugandamizwa kwenye fulana kwa mashine ya joto la takriban nyuzi 150 hadi 160 kwa sekunde 10 hadi 15. Haina fremu, na rangi nne zinagharimu sawa na rangi moja. Nilitozwa shilingi 5,000 kwa picha yenye ukubwa wa karatasi ya A4. Kwa bei za karakana hii, mchoro wa rangi moja ni nafuu kwa skrini kuanzia fulana 8 tu, wakati ule wa rangi nne haukuwa nafuu kwa skrini hadi oda ifike 100. Nilichapa ngalawa 12, na laiti ningetaka ningeweza kuchapa 3.

Urahisi huo una kasoro yake, ambayo mteja wa Dar es Salaam ataihisi kabla ya saa sita mchana. Picha ya DTF iliyojaa rangi bila nafasi huwa kama kipande cha nailoni kilichobandikwa kifuani; haipitishi hewa, na jasho hukusanyika nyuma yake. Mteja wangu mmoja aliniambia kwamba ngalawa yake ni nzuri ila inamwagia maji. Nimeuchora upya mchoro ule nikiacha mapengo mengi katika anga na bahari, rangi ya fulana ikiwa ndiyo bahari yenyewe, na malalamiko yamepungua. Ninaitumia DTF kama kipimo: mchoro mpya unaanza kwa fulana 6 au 12, na ule ambao watu wanaurudia ndio ninaofikiria kuuhamishia kwenye skrini.

Kuhusu saizi, hasara ilitokana na mimi na karakana kwa pamoja. Niliagiza kwa uwiano ambao mafundi huupendekeza kwa kila mtu, yaani S 4, M 8, L 8 na XL 4. XL zilikwisha ndani ya siku mbili na L ndani ya wiki. Baada ya wiki mbili nilikuwa nimeuza 18, na katika zilizobaki, S zilikuwa 3 kati ya 4. Sababu moja ni kwamba fulana tupu zinazoletwa Kariakoo hazina kipimo kimoja. Nilipozipima kwa futi ya fundi cherehani, L ya fungu moja ilikuwa na upana wa sentimita 52 kifuani na L ya fungu jingine sentimita 55, kwa hiyo aliyezoea M alihitaji L, na herufi ya shingoni haikuwa na maana. Kama ningechapa 100 kwa uwiano uleule, ningekuwa na S 16 au 17 kabatini. Oda ya kurudia ilikuwa XL 5, L 5 na M 2, na haikuwa na S hata moja. Nafasi hiyo ya kusahihisha ndiyo niliyokuwa nimeinunua kwa ile tofauti ya shilingi 1,600.

Ningeweza kulijua hilo mapema kama ningeuliza vizuri. Kabla ya kuchapa nilituma picha ya mchoro kwa watu ninaowafahamu kwenye WhatsApp, na watu 31 wakajibu kwamba niwawekee moja. Nilipowaomba kianzio cha shilingi 10,000 kwa simu, waliotuma walikuwa 11. Idadi hiyo ya 11 ndiyo niliyoijengea, na haikunidanganya. Kosa langu ni kwamba nilipokea fedha bila kuuliza saizi, nikidhani ni jambo la baadaye.

Ubora wa kazi ya skrini ni mzuri, na nasema hivyo baada ya kuifua sampuli mara kumi kwa sabuni ya unga na kuianika juani bila huruma. Wino wa plastisoli wanaoutumia hauwi imara mpaka upate joto la takriban nyuzi 160 hadi ndani, na karakana inayofanya haraka huupa joto la juu juu, ukaonekana mkavu na kuanza kumeguka katika ufuaji wa tatu. Njia rahisi ya kukagua ni kuvuta kitambaa kwa vidole viwili pale palipochapwa: wino ukipasuka kama ardhi ya kiangazi, irudishe palepale. Za kwangu hazikupasuka. Hata hivyo, katika 24 za kwanza mbili zilitoka na wino uliopakazika pembeni, na hapo nikajulishwa kwamba utaratibu wa karakana ni kusamehe gharama ya kuchapa lakini si gharama ya fulana. Baada ya mazungumzo marefu nilifidiwa moja. Siku hizi tunaandika kwenye karatasi ya oda ni nani atakayebeba fulana itakayoharibika, na tangu tuanze kuandika hazijaharibika nyingi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hutolewa ukiiomba, na wakati mwingine ukiiomba mara mbili.

Jambo moja nililichelewa kulielewa, nalo ni kwamba idadi ya fulana tupu na idadi ya fulana zilizochapwa ni maamuzi mawili tofauti. Fulana iliyokwisha kuchapwa maneno ya kondakta haiwezi kuwa ngalawa, lakini nyeusi tupu inaweza kuwa chochote, na ikishindikana kabisa inauzwa kama ilivyo. Oda yangu ya pili nilinunua fulana tupu 12 kutoka mzigo mpya wa duka lilelile, na weusi wake ulikuwa na ubuluu kidogo ambao mteja mmoja mwenye macho makali aliugundua alipoweka yake na ya mumewe kwenye kamba moja. Tangu siku hiyo ninanunua fulana tupu nyingi kidogo kwa mkupuo, kutoka fungu moja nililolipima, na kuchapa sehemu tu. Karakana ilikubali kunihifadhia zilizobaki kwenye boksi langu, huduma ambayo nayo haimo kwenye karatasi ya bei.

Kwa kazi ya mikono ninaipa nyota 4 kati ya 5, kwa ushauri kuhusu DTF nyota 5, kwa ahadi za muda nyota 2, na kwa karatasi ile ya ukutani nyota 1, kwa kuwa imeandikwa kwa ajili ya mtu anayejua tayari kwamba atauza 100. Wiki iliyopita nilipeleka mchoro wa tatu, wa rangi mbili. Fundi aliutazama, akasema huu sasa tuupige 200 tumalize kabisa. Nilimkabidhi fulana tupu 36 na kumwomba achape 24, XL na L zikiwa nyingi kuliko nyingine. Alizihesabu, akaandika jina langu na tarehe kwenye utepe wa karatasi, akaubandika ubavuni mwa kila fremu bila kuambiwa, na zile 12 akazirudisha kwenye boksi, juu ya S tatu za mzigo wa kwanza.